Probesheni Inaanzia Kwenye Jalada: Mwongozo wa Kurekebisha Uangalizi na Takwimu Zake, Hatua kwa Hatua

Nilipopewa kazi yangu ya kwanza ya takwimu katika ofisi ya probesheni ya kaunti moja huku Marekani, bosi aliniuliza swali dogo: mwaka jana tumewarudisha watu wangapi gerezani kwa sababu wametenda kosa jipya, na wangapi kwa sababu tu wamevunja masharti? Nikafungua mfumo. Kulikuwa na kisanduku cha "Sababu" chenye orodha ya kuchagua. Nikashuka na safu ile: Nyingine. Nyingine. Nyingine. Hapa na pale "Hakuripoti", halafu Nyingine tena. Maafisa hawakuwa wavivu. Orodha ilikuwa ndefu, nusu yake namba za vifungu vya sheria vilivyokwisha kufutwa, na "Nyingine" ndiyo iliyokaa juu kabisa. Mtu mwenye majalada mia na ushei hana muda wa kupekua.

Swali la bosi sikulijibu siku ile wala wiki ile. Ilibidi tufungue majalada moja moja na kusoma maelezo ya maafisa, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Haya ninayoandika yametokana na kazi hiyo. Ni kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaofanya kazi katika ofisi hizi au kukaa kwenye kamati zake, na kwa maafisa probesheni wa Kenya na Tanzania ambao sheria zao ni tofauti lakini jalada ni lile lile. Mifano yote ni ya majimbo ya Marekani.

Kwa asiyeijua: probesheni ni amri ya mahakama inayomwacha mtu aliyepatikana na hatia abaki nyumbani kwa masharti, chini ya afisa. Parole ni ya mtu aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo gerezani. Walio kwenye probesheni Marekani walifika takriban milioni 4.3 mwaka 2007, na mwishoni mwa 2021 walikuwa wameshuka hadi karibu milioni 3. Kuna majimbo ambako kazi hii iko chini ya idara ya jimbo, na mengine ambako iko chini ya kaunti au mahakama. Ndiyo maana kupata hesabu moja ya jimbo zima ni kazi yenyewe. Maafisa wengi huwaita watu hawa "wateja", nami nitafanya hivyo.

Mwanzilishi wa mambo haya alikuwa fundi viatu wa Boston, John Augustus. Mwaka 1841 alimdhamini mlevi mmoja mahakamani, akarudi naye baada ya wiki tatu akiwa mtu mwingine kabisa, na jaji akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Hadi alipofariki mwaka 1859, Augustus alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000, na tunajua hivyo kwa sababu aliandika: nani, kosa gani, aliishiaje. Sheria ya kwanza ya probesheni, ya Massachusetts, ilikuja mwaka 1878. Daftari lilitangulia sheria.

Hatua ya 1: Kubalianeni maana ya maneno kabla ya kununua programu

Ofisi nyingi hukimbilia mfumo mpya. Muuzaji anakuja na kompyuta mpakato, anaonyesha grafu za rangi, mkataba unasainiwa, na baada ya miaka miwili ile "Nyingine" imehamia kwenye mfumo mpya ikiwa na afya njema.

Anza na karatasi moja. Waketishe mezani afisa wa uangalizi, mwendesha mashtaka, wakili wa serikali anayetetea wasio na uwezo, karani wa mahakama na mtu wa kumbukumbu wa jela ya kaunti (jela ni ya kushikiliwa muda mfupi na iko chini ya kaunti; gereza ni la jimbo). Waulize: mtu "amefutiwa probesheni" lini? Siku afisa alipopeleka ombi, siku jaji alipoamuru, au siku mteja alipoingia gerezani? "Kosa jipya" ni kukamatwa, kushtakiwa, au kutiwa hatiani? "Ametoroka" ni kukosa miadi miwili, au ni kutafutwa nyumbani, kazini na kwa ndugu asipatikane? Utashangaa. Watu waliofanya kazi jengo moja miaka kumi watatoa majibu matatu tofauti, na kila mmoja ataona lake ndilo la kawaida.

Kisha livunje lile swali la sababu. Badala ya kisanduku kimoja, weka vitatu: nini kilitokea, ushahidi ni upi, na uamuzi ulikuwa nini. Mfano: alikosa miadi mitatu ya matibabu, barua ya kliniki ya tarehe fulani, afisa aliomba onyo, jaji akaamuru siku 30 za jela. Sasa unaweza kuhesabu. Tena unaweza kuona mahali afisa alipoomba jambo moja na jaji akaamua lingine, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Usisahau kwamba tangu kesi ya Gagnon v. Scarpelli ya 1973, Mahakama Kuu ya Marekani inataka mtu asikilizwe kabla ya kufutiwa probesheni. Rekodi nzuri ya vile visanduku vitatu ndiyo itakayosomwa siku hiyo.

Kama mkubwa wako anaona haya ni mambo ya makarani, mweleze hili. Mwaka 2019 Kituo cha Haki cha Council of State Governments, yaani baraza la pamoja la serikali za majimbo, kilipotaka kujua ni wangapi wanaingia magereza ya majimbo kwa kuvunja probesheni au parole, kililazimika kuziuliza idara za magereza za majimbo yote 50, kwa kuwa hesabu hiyo haikuwapo mahali popote ikiwa imekamilika. Jibu: asilimia 45 ya wote walioingia. Takriban mmoja kati ya wanne aliingia kwa kuvunja masharti tu: miadi iliyokoswa, kipimo cha mkojo, saa ya kurudi nyumbani. Hao waliovunja masharti tu walikuwa wakiyagharimu majimbo dola bilioni 2.8 kwa mwaka.

Hatua ya 2: Hesabu watu, usihesabu kesi

Mteja mmoja anaweza kuwa na kesi tatu katika kaunti mbili. Ukihesabu kesi, umepata watu watatu. Kila mtu awe na namba moja inayomfuata. Iliyo bora ni namba ya utambulisho ya jimbo inayotokana na alama za vidole, kwa kuwa haitegemei tahajia ya mtu yeyote.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo tunapoumia kimya kimya. Mifumo mingi hulinganisha kumbukumbu kwa jina la mwisho na tarehe ya kuzaliwa. Sasa tuseme mteja anaitwa Byamungu Amisi Jean. Lipi jina la ukoo? Kwenye karatasi ya ukimbizi wameandika Jean kama jina la mwisho, polisi wameandika Amisi, kliniki wameandika Byamungu-Amisi kwa kistari. Halafu angalia tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari. Wakimbizi wengi ambao siku yao halisi ya kuzaliwa haikujulikana wamepewa tarehe hiyo. Katika mji ambao kiwanda kimoja cha nyama kimeajiri mamia ya Wakongomani, utakuta akina Amisi kadhaa waliozaliwa 1 Januari. Mfumo unawaunganisha wasiohusiana na kumgawa mmoja vipande viwili.

Niliona jalada ambamo mteja alionekana ametoroka na papo hapo ameripoti kila mwezi bila kukosa. Walikuwa watu wawili. Aliyetafutwa na polisi ndiye aliyekuwa akiripoti.

Dawa yake si ngumu. Weka visanduku vya majina yote kama yalivyo kwenye hati, na kingine cha "jina analoitwa". Weka alama maalumu kwenye kila tarehe ya 1 Januari ili mashine isiitegemee peke yake. Na kila mwezi toa orodha ya wanaofanana, mtu wa kweli aipitie kwa macho.

Hatua ya 3: Pima hatari, kisha gawa majalada upya

Utafiti wa Kanada wa akina Andrews, Bonta na Hoge wa mwaka 1990 uliweka msingi ambao majimbo mengi yanaufuata hadi leo: nguvu nyingi kwa mwenye hatari kubwa ya kutenda kosa tena, ndogo kwa mwenye hatari ndogo. Ohio, kwa mfano, ina kipimo chake kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Cincinnati.

Maafisa wengi hupenda nusu ya kwanza ya kanuni hii na kuiogopa ya pili. Kumwachia mtu wa hatari ndogo kunaonekana kama uzembe. Lakini huko Philadelphia walifanya jaribio la bahati nasibu: wateja wa hatari ndogo wapatao 1,500 waligawanywa, nusu wakabaki na uangalizi wa kawaida, nusu wakapewa maafisa wenye majalada karibu 400 kila mmoja, maana yake waliachwa wapumue. Uhalifu haukuongezeka. Kwa upande mwingine, tathmini ya taasisi ya utafiti ya RAND iliyochapishwa mwaka 1993 na akina Petersilia na Turner iliangalia mipango 14 ya uangalizi mkali katika majimbo tisa. Uhalifu haukupungua, ila ukiukaji wa masharti uliogunduliwa uliongezeka. Ukimtazama mtu kila siku, utaona kitu.

Chama cha probesheni na parole cha Marekani kinapendekeza majalada 20 kwa afisa anayesimamia uangalizi mkali, 50 kwa wateja wa hatari ya kati na kubwa, na 200 kwa wa hatari ndogo. Wenye hatari ndogo wanaweza kuripoti kwa mashine, kama jiji la New York lilivyofanya kwa vibanda vya kielektroniki.

Tahadhari moja. Vipimo hivi huhesabu mara ulizokamatwa, na mtaa unaopigwa doria sana hukamata sana. Vijaribu kwa wateja wako mwenyewe, kundi kwa kundi, kabla ya kuviamini. Kipimo kilichotengenezwa kwa watu wa mahali pengine ni suti ya kuazima.

Hatua ya 4: Punguza masharti

Toa majalada 50 bila kuchagua, hesabu masharti katika kila amri. Mengi ni ya kunakili: asinywe pombe hata kama kosa lake halikuhusu pombe, asihame bila ruhusa, atafute kazi, alipe ada. Kwa kila sharti uliza: linahusiana vipi na kosa? Lisilojibika liondolewe kwenye fomu ya kawaida, jaji aliongeze kwa mkono anapolihitaji.

Ada zitenge peke yake. Kesi ya Bearden v. Georgia ya mwaka 1983 ilisema mtu hawezi kupelekwa gerezani kwa kushindwa kulipa bila kuuliza kwanza kama ana uwezo. Kwa hiyo mfumo uwe na kisanduku cha "uwezo wa kulipa umeulizwa, tarehe". Kikiwa wazi, ombi la kufuta probesheni kwa sababu ya deni lisiende popote.

Hatua ya 5: Fanya kuripoti kuwezekane

Kukosa miadi ni mama wa "Nyingine" zote. Kabla ya kumwita mtu mkaidi, angalia saa za ofisi. Anayefanya zamu ya usiku kiwandani anaambiwa aje saa nne asubuhi, na basi halipiti upande huo. Fungua jioni moja kwa wiki. Tuma ujumbe wa simu siku moja kabla. Jiji la New York lilijaribu jambo hili kwenye wito wa mahakama: fomu iliyoandikwa upya kwa lugha nyepesi ilipunguza kutofika kwa asilimia 13, na ujumbe wa simu ukapunguza kwa asilimia 21. Wale walisahau tu, kama wewe na mimi tunavyosahau daktari wa meno.

Halafu lugha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu yake ya sita, imetumika kwa miaka mingi kuzibana ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza kwa namna inayoeleweka. Mkalimani wa simu yupo, lakini "Kiswahili" kwenye orodha ni neno pana. Niliwahi kumkalimania mama wa Uvira. Aliyenitangulia, kwa simu, alikuwa amemwambia yuko kwenye "kifungo cha nje", yeye akaelewa kwamba haruhusiwi kutoka nje. Akakaa ndani wiki mbili, akakosa miadi. Rudia kwa maneno ya kawaida: "Hufungwi. Utakaa kwako. Lakini kila Jumanne ya kwanza uje hapa, uonane na huyu." Kisha mwambie yeye akueleze alivyoelewa. Andika kwenye jalada lugha yenyewe, na mahali anapotoka: Kiswahili cha Kongo, Kinyamulenge, Kibembe, Kibajuni cha Somalia kama ndicho. "Kiafrika" si lugha, ingawa nimeikuta kwenye kisanduku.

Na mkumbushe kuhusu kuhama. Watu wetu huhama kwa simu ya shemeji: kuna kazi Iowa, njoo. Kwa aliye kwenye probesheni, kuvuka mpaka wa jimbo bila ruhusa kunaweza kuhesabiwa kutoroka, hata kama huko anafanya kazi na kulipa kodi. Uhamisho wa uangalizi baina ya majimbo una mkataba wake na fomu zake. Afisa aliulizie mapema: una ndugu jimbo gani?

Hatua ya 6: Jibu haraka, jibu kidogo

Tengeneza jedwali: kosa dogo, la kati, kubwa, mteja wa hatari ndogo, ya kati, kubwa, na kila chumba kiwe na majibu machache ambayo afisa anaweza kuyatoa bila kwenda kwa jaji. Barua ya onyo, kuripoti mara mbili kwa mwezi, saa za kazi ya jamii. Upande wa pili wa jedwali uwe wa pongezi: barua ya sifa, kupunguziwa miadi, kusamehewa ada. Wakufunzi wengi wa fani hii husema pongezi nne kwa adhabu moja. Zote ziingie kwenye mfumo, maana afisa ambaye hupongeza bila kuandika, kwenye takwimu anaonekana ni wa adhabu tu.

Kuhusu adhabu za haraka za jela, nina mashaka yangu. Hawaii ilianzisha mwaka 2004, chini ya Jaji Steven Alm, mpango wa HOPE: mteja anapiga simu kila asubuhi kujua kama leo ni siku yake ya kupimwa mkojo, na akikosea anaingia jela papo hapo kwa siku chache. Tathmini ya mwaka 2009 ilileta matokeo mazuri sana na majimbo yakaupokea kwa mikono miwili. Kisha ukajaribiwa kwa makini Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas, na matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yakaonyesha kwamba kwa jumla haukushinda probesheni ya kawaida. Unaposikia mpango uliofanya maajabu mahali pamoja, uliza jaji ni nani, na kama naye anakuja na mpango.

Hatua ya 7: Weka mlango wa kutokea

Takwimu za mwaka 2018 zilizochambuliwa na taasisi ya utafiti ya Pew zinaonyesha wastani wa muda wa probesheni: miezi 9 Kansas, miezi 59 Hawaii. Wanadamu wa Hawaii si wabaya mara sita. Muda mrefu unaongeza nafasi za kuteleza na kujaza majalada ya afisa kwa watu ambao hana la kuwafanyia.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ukomo wa sheria: California, tangu 1 Januari 2021, imeweka mwaka mmoja kwa makosa madogo na miaka miwili kwa makosa mengi makubwa, pamoja na misamaha yake. Ya pili ni siku za kujipatia: mteja anayetii hupunguziwa muda wake. Arizona, kwa sheria ya 2008, iliruhusu siku 20 kwa kila siku 30 za utiifu. Missouri, tangu 2012, siku 30 kwa kila siku 30. Missouri ndiyo ninayoipenda kuisimulia, kwa sababu walipima: katika miaka mitatu ya mwanzo zaidi ya watu 36,000 walipunguziwa wastani wa miezi 14, na waliotiwa hatiani upya hawakuongezeka.

Sasa jambo la takwimu. Siku hizi zihesabiwe na mfumo, si na afisa. Zikihitaji afisa ajaze fomu, mteja wa afisa mwenye shughuli nyingi atachelewa kutoka kuliko jirani yake, na hakuna atakayejua kwa nini.

Hatua ya 8: Fuata fedha, na rudisha namba kwa walioziandika

Kaunti ikimpeleka mteja gerezani, jimbo ndilo linalolipa gereza. Kaunti ikimhangaikia nyumbani, yenyewe ndiyo inayolipa. Hapo utaona wazo litaelekea wapi. California, kwa sheria ya SB 678 ya mwaka 2009, ilianza kuzirudishia kaunti sehemu ya fedha zilizookolewa pale wateja wachache zaidi walipoishia gereza la jimbo. Lakini huwezi kulipa kwa kupungua kusikohesabika, ndiyo maana fedha hizi huleta nidhamu ya takwimu kuliko semina kumi. Florida nayo ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzibana mahakama, waendesha mashtaka na jela kutoa takwimu kwa mfumo mmoja wa wazi.

Wewe ofisini kwako anza na ukurasa mmoja kwa mwezi, wenye namba tano: walioingia, waliomaliza vizuri, waliorudishwa kwa kosa jipya, waliorudishwa kwa kuvunja masharti, na wastani wa majalada kwa afisa. Zigawe kwa rangi, jinsia na lugha, maana wastani huficha mengi. Ukurasa huo ubandikwe jikoni kwa maafisa kabla haujaenda kwa mkurugenzi. Anayeandika data asiyeiona tena huandika ovyo, na ana haki.

Usiutumie kumwaibisha afisa. Tulipojaribu kupanga maafisa kwa idadi ya waliorudishwa, mwezi uliofuata "kutoroka" kulipungua ghafla kwa sababu maafisa waliacha kukuandika.

Mwisho, kila mwezi chagua majalada 20 kwa bahati nasibu. Keti na karani mmoja na afisa mmoja, linganisha mfumo na karatasi: tarehe, sababu, ushahidi, uamuzi. Andikeni makosa mliyoyakuta na mrekebishe siku hiyo hiyo. Inachukua asubuhi moja na birika la chai. Sisi tulipofika mwezi wa tano wa zoezi hili, "Nyingine" zilibaki mbili. Moja ilikuwa mteja aliyefariki, na orodha haikuwa na neno la kifo. Tukaliongeza.